Heshima kwa Mtumishi Anayeaga

Hotuba ya Katibu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi na watumishi, katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Leo ni siku ya furaha. Miaka 10 si mingi katika umri wa mkorosho, maana mti huo ukitunzwa huzaa miongo kadhaa. Lakini katika umri wa chama, miaka 10 yatosha kuonyesha kama mizizi imeshika au haikushika. Waliotutangulia kusema wameeleza habari za maghala, minada na bei. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa kusema juu ya watumishi, na katika habari hizo tumechagua jambo moja ambalo huonekana dogo, wala halijapata kuwamo katika ajenda za mikutano yetu mikuu. Jambo lenyewe ni namna tunavyomtendea mtumishi aliyeleta barua ya kuacha kazi.

Pengine wako watakaouliza, kwa nini siku ya sherehe tuzungumze habari za kuondoka? Jibu ni kwamba katika miaka hii tumejifunza kuajiri vizuri kuliko tulivyojifunza kuagana. Mtu anapoanza kazi tunamkaribisha, tunamwonyesha meza yake, na Mwenyekiti anampa mkono mbele ya wenzake. Anapoandika barua ya kuaga, nyuso hubadilika. Salamu hupungua, mshahara huchelewa, na maneno huanza kupita chini ya miembe. Tena, kila mtumishi anapoondoka kwa namna mbaya, atakayelipa gharama mwishowe ni mkulima. Hilo ndilo neno letu la leo, na twaomba mtusikilize hadi mwisho kabla ya kutuhukumu.

Kwanza tukumbushane notisi ni nini. Notisi ni ahadi ya mtu kwamba hataondoka leo. Mtumishi aliyechoka, au aliyepata kazi penye malipo mazuri zaidi, au anayetaka kurudi kumwuguza mzazi wake, aweza kufunga mzigo wake usiku na alfajiri tusimwone. Badala yake anakuja mchana, anaandika kwa mkono wake, anataja siku, na anasema: nitakuwapo hadi siku hiyo, nitafuteni mwingine, nami nitamkabidhi kazi. Mtu huyo ametuheshimu. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Nasi twaongeza kwamba akuthaminiye hakukimbii bila kuaga. Basi ni ajabu iliyoje kwamba anayetutendea wema huu ndiye tunayemwita msaliti, na yule aliyetoroka usiku tunasema, “Ah, kijana yule alikuwa na haraka zake.”

Sheria ya nchi yetu imelipa jambo hili mahali pake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, yasema kwamba mkataba unaoweza kusitishwa kwa notisi usisitishwe kwa siku pungufu ya hizi: siku 7 ikiwa notisi imetolewa katika mwezi wa kwanza wa kazi, baada ya hapo, siku 4 kwa mtu aliyeajiriwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa aliyeajiriwa kwa mwezi. Notisi iwe ya maandishi, ieleze sababu, na itaje tarehe iliyotolewa. Tena haitolewi mtu akiwa likizoni, wala siku za likizo hazihesabiwi kuwa siku za notisi. Masharti haya yanamfunga mwajiri na mwajiriwa sawasawa. Kama Bodi haipendi kuona karani akiondoka ghafula, karani naye ana haki ya kutofukuzwa ghafula.

Lakini si sheria peke yake inayotufanya tuseme haya. Ushirika wenyewe ndio unaotudai. Wazee wetu walipata kuishi katika zama ambazo mfanyakazi hakuwa na ruhusa ya kuaga. Hapa Tanganyika sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mtu aliyeacha kazi kabla ya kumaliza mkataba wake kuwa mkosaji wa jinai, akashitakiwa na kuadhibiwa. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge walikijua kipande: kadi ya siku 30 za kazi, ambazo hapana budi zitimie zote. Kwa jirani zetu wa Kenya sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume alivaa kipande chake shingoni katika kijaluba cha bati, na mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia, mtu yule hakuweza kuajiriwa kwa halali mahali pengine. Kalamu ya bwana ilikuwa mnyororo wa mtumishi.

Katika zama hizo hizo ndipo ushirika wa nchi hii ulipozaliwa. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu. Walitaka mkulima awe na sauti juu ya jasho lake. Hata leo, katika misingi 7 ya ushirika iliyotangazwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika mwaka 1995, msingi wa kwanza ni uanachama wa hiari. Mwanachama huingia kwa hiari yake, na kwa hiari yake aweza kutoka. Sasa tujiulize kwa haki: chama kinachotambua hiari ya mwenye shamba, chawezaje kuikasirikia hiari ya karani wake? Na mwenyekiti anayekataa kutoa cheti cha utumishi kwa kuwa mtumishi ameondoka bila radhi yake, tofauti yake na bwana wa kipande ni ipi?

Ndugu Wanachama, maneno ya jumla hayajazi gunia. Tutoe mifano miwili, pasipo kutaja jina la chama wala la mtu, maana kusudi letu ni mafundisho wala si aibu.

Katika chama kimoja cha msingi, miaka kadhaa iliyopita, mtunza ghala alileta barua yake katikati ya mwezi wa Septemba. Alikuwa amehudumu misimu 6. Viongozi waliona kwamba amewatega, kwa kuwa msimu wa mauzo ulikuwa mlangoni. Jioni ile ile walimwita mbele ya watu, wakamnyang'anya funguo bila kuhesabu kitu chochote ghalani, na neno “mwizi” likasikika. Mshahara wake wa mwezi ukazuiwa “mpaka hesabu zikaguliwe”, lakini siku ya ukaguzi haikutajwa. Kijana akajiondokea.

Oktoba ikafika. Daftari la pembejeo zilizokopeshwa lilikuwapo, lakini liliandikwa kwa mwandiko wake na kwa vifupi vyake. Katika kijici kimoja walikuwako wakulima watatu wenye jina moja, naye aliwatofautisha kwa alama anazozijua yeye. Magunia matupu yalikuwa yameazimwa chama jirani, na hakuna aliyejua mangapi. Malipo yalipokuja, wakulima kadhaa walikatwa fedha za salfa ambayo hawakuichukua, na wengine walioichukua hawakukatwa. Mama mmoja mjane alisimama katika mkutano akasema: “Mimi sikumtukana mtunza ghala. Mbona nalipishwa mimi?” Hakupata jibu. Mwishowe alitumwa mzee mwenye hekima kwenda kumwomba kijana yule. Akaja kwa ajili ya mzee, akaketi siku moja na daftari lake, na mambo yakanyooka.

Tungedhani hadithi imeishia hapo, lakini haikuishia. Kabla msimu haujafungwa, makarani wawili wa chama kile kile waliacha kazi bila barua. Mmoja alituma ujumbe wa simu akiwa tayari stendi ya mabasi. Wa pili hakutuma chochote. Funguo zake zilikutwa dirishani. Viongozi wakalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Nasi twauliza: nani aliwafundisha? Waliona kwa macho yao yaliyompata aliyeaga kwa adabu, wakachagua njia isiyo na matusi. Siku ile funguo zilipochukuliwa hadharani, hotuba ilitolewa kwa watumishi wote, ingawa hakuna aliyepanda jukwaani.

Sasa mfano wa pili. Katika chama kingine, karani wa mizani, binti mwenye bidii, alileta barua kwamba amepata nafasi ya kusoma chuoni. Mwenyekiti alisoma barua, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: “Umetuumiza, lakini umetuambia mapema. Ahsante.” Wakapanga siku 28 zile kana kwamba ni mali. Wiki ya kwanza karani aliandika kila kazi anayoifanya, ya kila siku na ya kila wiki. Wiki ya pili na ya tatu aliketi na mrithi wake penye mizani: akamwonyesha namna ya kutambua korosho zenye unyevu na zilizochanganywa madaraja, na namna ya kulinganisha uzito wa kijijini na uzito wa ghala kuu. Wiki ya nne mrithi alipima mwenyewe, na yule wa zamani akawa mtazamaji. Siku ya mwisho waliandika hati ya makabidhiano, wakatia sahihi watatu: anayetoka, anayeingia, na mjumbe wa Bodi.

Baada ya miaka miwili mkulima mmoja alileta malalamiko juu ya uzito wa zamani. Wakampigia simu binti yule huko aliko. Akawaambia kitabu cha stakabadhi kiko kabati lipi, na nakala inayobaki kitabuni iandikwe nini. Shauri likaisha siku ile ile. Hebu pimeni wenyewe: chama kililipa nini kwa msaada ule? Kililipa neno moja la “ahsante” na siku 28 za utulivu.

Twajua yako mashaka yanayosemwa na viongozi, wala hatuyadharau. Tuyajibu moja baada ya jingine.

Shaka la kwanza husema: mtu anayeondoka aweza kuiba katika siku zake za mwisho. Ni kweli, aweza. Lakini asiyeondoka naye aweza. Dawa ya wizi ni hesabu. Chama ambacho mizani yake imehakikiwa, stakabadhi zake zina namba mfululizo, na fedha zake hupita benki kwa sahihi za watu zaidi ya mmoja, hakina sababu ya kumwogopa mtu kwa kuwa ameandika barua. Hata hivyo, ikiwa kazi yake ni nyeti, Bodi yaweza kumwondoa mapema penye fedha au kubadili nywila za kompyuta. Hakuna lawama katika hilo, mradi lifanywe kwa maandishi, mbele ya shahidi, na bila kumfedhehesha. Bodi pia yaweza kumlipa siku zote za notisi na kumwachilia aende mara moja. Isichoweza ni kumfungia mlango, kisha kusema kwamba hakufanya kazi na kwa hiyo hana malipo. Mtumishi akikataa mwenyewe kufanya kazi katika siku za notisi, hapo sheria inamruhusu mwajiri kukata malipo ya siku hizo. Tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa, nasi tusiichanganye.

Shaka la pili husema: kuna upungufu ghalani, basi tuzuie mshahara wake wote. Hapana. Sheria imeweka njia. Hasara ile iwe imetokea katika kazi yake na kwa kosa lake. Aelezwe kwa maandishi sababu ya deni, kiasi chake na namna kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kujitetea. Makato yasizidi hasara yenyewe, wala yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Wako watakaosema robo ni ndogo. Lakini fikirini jinsi korosho inavyopungua uzito ikikauka, na jinsi gunia linavyochanika njiani. Mkulima anayepinga kupunjwa kwenye mizani hawezi kupenda mtumishi wake apunjwe kwa dhana. Na kama ni wizi wa dhahiri, vyombo vya dola vipo. Mshahara uliozuiwa si mahakama.

Shaka la tatu husema: tulimsomesha, naye anatukimbia. Twakubali kwamba hili linauma. Chama kinampeleka mtu kusoma Moshi, mahali ambapo Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963 na sasa ni Chuo Kikuu, naye anarudi na cheti, kisha baada ya msimu mmoja anaaga. Hapa dawa huwekwa mwanzoni. Kabla ya kumpeleka, na ziandikwe kwa mapatano masharti ya muda atakaotumika akirudi, na deni lake akiondoka mapema. Chama kisichoandika hakina haki ya kudai kwa hasira kile ambacho hakikudai kwa kalamu. Tena tusisahau kwamba elimu ni mmoja wa misingi yetu 7, na ushirikiano miongoni mwa vyama ni msingi mwingine. Karani wetu akienda kuwa meneja wa chama cha wilaya nyingine, mbegu yetu imeota katika shamba la ndugu.

Shaka la nne, nalo ni zito, husema: anakwenda kwa mnunuzi binafsi, na siri zetu anazo. Basi aambiwe kwa upole na kwa maandishi kwamba orodha za wanachama, namba zao za benki na mapatano ya chama si mali yake, nazo zibaki. Mtu aliyeagwa vizuri huona haya kuzitoa siri za nyumba aliyotoka. Aliyetukanwa aona haya gani?

Baada ya mashaka hayo, sasa tuseme yafaayo kutendwa. Hatusemi kwa amri, maana Katibu ni mtumishi wa Bodi na Bodi ni mtumishi wa wanachama. Twasema kwa kupendekeza.

Barua ikipokewa, ijibiwe kwa maandishi katika siku chache. Jibu liwe na mambo matatu: tumeipokea, siku yako ya mwisho ni tarehe fulani, na mwenye kupokea kazi kwako ni fulani. Barua isiyojibiwa huzaa uvumi.

Kisha Mwenyekiti au Meneja akae naye faraghani na kumwuliza sababu, akiwa tayari kuisikia. Ikiwa jibu ni kwamba mishahara huchelewa miezi mitatu kwa kuwa chama hungoja ushuru wa kila kilo baada ya mnada, hilo ni neno la kupelekwa katika Bodi, maana walio kimya wanaumia vivyo hivyo. Lakini tusiwe na desturi ya kumwongezea mshahara yule tu aliyetishia kuondoka. Tukifanya hivyo tutakuwa tumewatangazia wengine kwamba uaminifu haulipwi mpaka uandikiwe notisi. Akishaamua, tumwache aende. Kumbembeleza kila siku ni kero, na kumnunia kila siku ni ukatili.

Wenzake waambiwe mapema, kwa maneno aliyoyakubali yeye mwenyewe. Mkulima akifika penye mizani asisikie habari hiyo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mchuuzi wa kangomba.

Makabidhiano yaandikwe. Na yahesabiwe haya: mizani na mawe yake, vitabu vya stakabadhi, vilivyotumika na visivyotumika, kwa namba zake, daftari la pembejeo, orodha ya wakulima na akaunti zao, hati za ghala kuu, magunia na maturubai, muhuri, funguo, na nywila za kompyuta. Kinachokosekana kiandikwe siku hiyo, yeye akiwapo, ili asije akasingiziwa akiwa mbali.

Malipo yake yawe tayari siku ya mwisho. Alipwe ujira wa siku alizofanya kazi, na malipo ya likizo ambayo hakuichukua pamoja na sehemu ya likizo ya mwaka ambao haujatimia. Na kama ajira yake inakoma mahali pasipo pale alipoajiriwa, asafirishwe au alipwe nauli ya kurudi pamoja na mizigo yake. Michango yake ya hifadhi ya jamii iwe imepelekwa yote. Kiinua mgongo cha kisheria hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira, si pale mtumishi anapoacha kwa hiari. Lakini neno hilo “hiari” liwe la kweli. Kumtesa mtu mpaka aandike barua hakumwondolei mwajiri wajibu. Sheria inamhesabu mtu aliyelazimika kuacha kazi kwa kuwa mwajiri ameifanya isivumilike kuwa amesitishiwa ajira, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kusikiliza mashauri ya namna hiyo. Mashauri hayo hulipiwa kwa fedha za korosho zenu.

Mwisho, apewe cheti cha utumishi. Hii si zawadi, ni haki yake kwa sheria. Na akiomba barua ya sifa kwa mwajiri mpya, iandikwe kwa kweli: mema yake yasifichwe, wala asipambwe kwa sifa asizo nazo, maana barua ya uongo humdanganya mwajiri mwenzetu na hushusha heshima ya muhuri wetu.

Ninyi watumishi wenzetu, msidhani tumekuja kuwatetea bila kuwadai. Heshima ni barabara ya pande mbili. Anayeaga aandike barua yake mapema, ajue msimu uko wapi, wala asiichague siku ya mnada kuwa siku ya kuondoka ikiwa aweza kungoja. Siku 28 za notisi ni siku za kazi, si siku za kupumzika mezani. Asichukue nakala ya daftari, asiwasengenye wakubwa wake kwa wakulima, asiwavute wenzake waondoke pamoja naye. Mrithi wake amfundishe yote, hata yale madogo ambayo hayakuandikwa popote. Mtumishi anayeondoka na ujuzi wa chama kichwani bila kuukabidhi, amebeba mali ya watu hata kama mikono yake ni mitupu.

Na ninyi wakulima, wenye chama, tunalo ombi moja kwenu. Mkutano mkuu ni wenu. Mnapouliza habari za bei na makato, ulizeni pia swali hili: mwaka huu wameondoka watumishi wangapi, na wangapi kati yao wametia sahihi hati ya makabidhiano? Jibu la swali hilo litawaonyesha hali ya nyumba yenu kuliko hotuba nyingi. Ambako watu huaga, kuna usalama. Ambako watu hutoroka, kuna jambo.

Bwana Mwenyekiti, wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Dunia ya ushirika ni ndogo. Karani tuliyemnunia mwaka huu twaweza kumkuta kesho akiwa afisa wa benki anayeshika maombi yetu ya mkopo, au mkaguzi anayefungua vitabu vyetu, au mkulima mwanachama mwenye kura yake. Lakini hata kama hatutakutana naye tena, waliobaki wanatutazama. Kila mmoja wao anajua moyoni kwamba siku moja naye ataandika barua yake, au atastaafu, au ataitwa na Mungu. Anatazama jinsi tunavyoagana na mwenzake, na kwa hilo anaamua kama ataitunza stakabadhi ya mkulima kwa moyo wote au kwa nusu ya moyo.

Tunaingia katika mwaka wa 11. Twapendekeza kwamba kila chama cha msingi kiandike katika kanuni zake za utumishi utaratibu wa kuagana, ukurasa mmoja tu, na uanze kutumika kabla mizani haijafunguliwa msimu ujao. Ofisi ya Katibu iko tayari kusaidia kuuandaa kwa kila chama kitakachoomba.

Mungu aubariki ushirika wetu.